Risala Kuhusu Dada Yusta, Ambaye Hashoni Chochote

Mgeni rasmi, Bwana Darweshi Mkanza, Mwenyekiti wa Bodi ya karakana yetu. Wajumbe wa Bodi mliofuatana naye kutoka Tanga. Sista Secilia, mkuu wa shule ya wasichana. Viongozi wa kata, wachungaji, masheikh na wageni wote. Wakubwa zetu, shikamooni. Anayesoma ni Modesta wa meza ya pasi, lakini maneno haya ni ya sisi sote thelathini na mmoja.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu Lushoto. Tunajua kona za kutoka Mombo hazimpendi mtu wa pwani, kwa hiyo tunakushukuru zaidi kwa kufika. Umekuja kupokea Cheti cha Ubora kutoka kwa Sista Secilia, mteja wetu mkubwa. Tumeona kimeandikwa jina la Bodi peke yake. Hatuna kinyongo. Majina yetu ni mengi, yasingeenea.

TULIKOTOKA

Karakana ya Ushonaji Ukunguni ilianza miaka tisa iliyopita, katika ghala lililokuwa la viazi, kwa cherehani sita. Tulishona aproni za wachuma chai wa Mponde na majoho ya kwaya. Tulishona vizuri, ila tulikabidhi vibaya. Kwaya moja ilipata majoho yake ya Krismasi tarehe tatu Januari. Waliimba kuzaliwa kwa Mwokozi wakiwa wamevaa majaketi.

Ndipo akaja Yusta Shekiondo, binti wa kijiji cha Gare, aliyekuwa amefanya kazi miaka sita katika kiwanda cha nguo Dar es Salaam. Huko walimwita mechandaiza. Sisi tulimwita msimamizi wa oda.

Kwa faida ya wageni wasioifahamu kazi hiyo, tunaomba kuieleza. Mteja akisema anataka sketi ya kijani, Yusta humuuliza kijani kipi, kisha hutoka nje na vipande viwili kuvitazama juani, kwa sababu ndani ya ukungu wetu kijani na kijivu ni ndugu. Hufua kitambaa kabla hakijakatwa, akapima kimesinyaa kiasi gani. Hushonesha sampuli moja, akampelekea mteja, na hakuna mkasi unaogusa kitambaa mpaka mteja aseme ndiyo. Huhesabu siku kuanzia ile ya kukabidhi kurudi nyuma, ajue zipu zifike lini na uzi ufike lini. Na jambo likienda mrama, yeye ndiye humpigia mteja simu mapema, kabla mteja hajapiga. Katika miaka minne aliyokuwa nasi, hatukuchelewesha oda hata moja.

MAGEUZI YA MWAKA JANA

Mwezi wa nane mwaka jana ulitutembelea, mgeni rasmi. Ulimkuta Yusta amesimama dirishani na vipande vyake viwili mkononi.

Ukauliza, "Huyu anashona nini?"

Abrahamu, mkataji wetu, akajibu, "Hashoni, Mheshimiwa. Anahakikisha tunachoshona ndicho kilichoagizwa."

Ukasema, "Kwani ninyi wenyewe hamjui mlichoagizwa?"

Ukacheka. Sisi nasi tukacheka, kwa kuwa wewe ulicheka. Kicheko kile kinatuuma mpaka leo, na tunaomba kikae kwenye kumbukumbu kwamba kilikuwa chetu pia. Yusta hakucheka. Alivikunja vile vipande, akaviweka mfukoni.

Baada ya wiki mbili ikaja barua kuwa nafasi yake imefutwa ili kuongeza tija. Meza yake ilihamishiwa mapokezi, ikawekwa maua ya plastiki. Tunakiri kuwa maua yale hayajawahi kumsumbua mtu kwa maswali.

MAFANIKIO

Mafanikio ya kwanza ya mageuzi ni sketi mia sita za shule ya Sista Secilia. Kwa kuwa hakuna aliyetulazimisha kufua kitambaa wala kungoja sampuli, tulimaliza siku mbili kabla ya wakati. Ulituandikia barua ya pongezi. Tuliibandika ukutani.

Wasichana walizivaa wiki ya kwanza. Jumamosi wakazifua. Jumatatu asubuhi sketi zilizokuwa chini ya magoti zilikuwa vidole vinne juu ya magoti, na viuno havikufungika. Mabinti mia sita walisimama mstarini kwenye baridi ya huku juu wakiwa wamejifunga khanga.

Sista alizileta mwenyewe kwa pikapu. Aliweka sketi moja juu ya meza, kando ya maua.

"Nizungumze na nani?" akauliza.

Evelina wa cherehani ya tatu, ambaye analea wajukuu wanne kwa kazi hii, aliinamisha kichwa.

"Nimeuliza nizungumze na nani. Zamani nilikuwa napigiwa simu na binti mmoja mpaka namchoka. Yuko wapi?"

Tulipiga simu ofisi ya Bodi. Tukajibiwa kuwa Mwenyekiti yuko kwenye semina ya tija, tusubiri. Sista hakuweza kusubiri. Alitupa wiki tatu. Zikipita, yeye na shule nyingine saba zinazofuata ushauri wake wangetafuta mafundi wengine. Tukiwapoteza hao, mlango huu unafungwa.

Jioni ile mimi Modesta na Abrahamu tulikwenda Gare. Tulimkuta Yusta shambani anang'oa karoti. Tulisalimiana, tukauliza habari za mama yake, tukasifia karoti. Abrahamu akashindwa kuendelea, akatoa sketi kwenye mfuko.

Yusta hakuipokea. Mikono yake ilikuwa na udongo. Aliitazama tu.

"Mlifua kitambaa kabla ya kukata?"

"Hatukufua," Abrahamu akasema.

"Nilikuwepo siku mliyocheka, mgosi," akamwambia, kama tunavyowaita wanaume huku kwetu.

"Ulikuwepo."

Akainama, akaendelea kung'oa karoti. Tulidhani ametufukuza. Kisha akajipangusa mikono kwenye khanga, akaigeuza sketi ndani nje, akapima pindo kwa vidole.

"Nani aliacha pindo pana hivi?"

"Mimi," Abrahamu akasema. "Uliniambia nguo ya mtoto anayekua iachwe inchi tatu. Mkono umezoea."

"Basi mkono wako umewaokoa. Pindo litashuka."

Alirudi nasi kesho yake. Kwanza hakugusa cherehani. Alikwenda kwa Sista, akamwambia kosa lilivyotokea bila kulipaka rangi. Akamwomba sketi moja tu, atakayoirekebisha na kuifua mara tatu mbele ya matroni. Tulishusha pindo. Alama ya mkunjo wa zamani ilibaki kama kovu, naye akaagiza utepe wa kijani kilichokoza ushonwe juu yake kuzunguka sketi nzima. Kiunoni tulifumua mshono wa ubavu, tukaongeza kipande. Matroni alifua, akaanika, akapima. Mara tatu. Haikusinyaa tena. Sista akasema ndiyo, ndipo tukaanza zile nyingine mia tano tisini na tisa.

Zilikamilika siku ya kumi na tisa. Wasichana wanasema ule utepe ndio unaowapendezesha, na shule mbili zimeuomba kwenye sketi zao. Siku zote hizo Yusta alikataa kusaini daftari la mahudhurio. Alisema yeye hayumo.

Taarifa ya mwaka ya Bodi imeeleza kuwa tatizo la sketi "lilitatuliwa kutokana na ufuatiliaji wa karibu wa Bodi." Tuliusoma ufuatiliaji huo kwa furaha. Tungeuona ulipopita, tungeukaribisha chai.

CHANGAMOTO

Cherehani mbili zinavuja mafuta, na paa la upande wa pasi linavuja maji. Hayo tumeyazoea.

Changamoto kubwa ni barua ya Sista Secilia. Shule zote nane ziko tayari kutupa oda ya mwaka ujao, sketi, mashati na sweta. Amesema atasaini siku atakapojulishwa jina la mtu wa kuzungumza naye. Tulimpa jina la Bodi. Akasema Bodi ni watu tisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kijani kipi.

Changamoto nyingine ni kwamba kiwanda kimoja cha Morogoro kimemwita Yusta. Anaanza Jumatatu.

OMBI

Mgeni rasmi, desturi ya risala ni kuomba mengi ili mgeni achague dogo. Sisi tumeomba moja. Tunaomba Yusta Shekiondo arudishwe kazini, kwa barua yenye mhuri kama ile iliyomwondoa, na apewe meza. Maua tutayapeleka kanisani.

Yupo hapa ukumbini. Amekaa benchi la mwisho karibu na mlango, mwenye gauni la bluu na begi miguuni. Alikuja kutuaga tu. Hatukumwambia kuwa tutasoma haya, na tunaona anatutazama kwa hasira. Dada Yusta, utusamehe. Safari hii hatucheki.

Ratiba ilisema utafika saa nne, mgeni rasmi, na sasa ni saa nane kasorobo. Hotuba yako imepangiwa saa nzima. Basi lake linaondoka saa nane na nusu. Tunakuomba, kwa heshima zote, uanze na jibu.

Mungu wa wote waliomo humu akujalie afya, akushushe salama mlimani, na aubariki ulimi wako katika dakika hizi.

Ni sisi, wafanyakazi wa Karakana ya Ushonaji Ukunguni, Lushoto.