Pigo Zito Upande wa Pili wa Ukuta

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, wanafunzi wetu, na wewe Mwalimu Apolonia, ambaye leo umekalishwa kiti cha wageni kana kwamba hapa Maganzo ni ugenini kwako: shikamooni mnaostahili, wengine hamjambo.

Mimi ni Valerian, fundi cherehani. Majirani wamenituma niwasemee, na Mkuu wa Shule ameniomba niwe mfupi kwa kuwa pilau imeshaiva.

Kibanda changu kimeegemea ukuta wa kidato cha tatu. Shule hii sikuisoma, niliisikiliza. Nani hapa hajui tunavyoyasema maneno marefu ya baiolojia? Yote tunayapeleka Kiswahili-Kiswahili, uzito tunautua silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Mwalimu huyu akawafundisha watoto kuyakata kwa miguu, yaani kwa mapigo kama ya wimbo: pho-to-SYN-the-sis, jepesi, jepesi, zito, jepesi, jepesi. Wachimbaji wakipita na kusikia kelele hizo huuliza kama na shuleni wamepata almasi.

Nami mguu wangu uko kwenye pedali. Mngefanyaje? Nikashona kwa mwendo wao. Humu ukumbini zimo sketi zilizoshonwa kwa mwendo wa somo la mmeng'enyo wa chakula, toka kiunoni hadi kwenye pindo.

Jioni moja, wanafunzi wameshaondoka, nikalijaribu neno peke yangu: me-ta-BO-lism. Sauti ya Mwalimu ikatoka upande wa pili: "Fundi, umechelewa. Pigo zito ni la pili." Nikarudia: me-TAB-o-lism. "Hapo sawa," akasema.

Kumbe miaka yote ukuta ule ulikuwa unasikika pande zote mbili.

Tangu hapo, kila jioni napiga neno moja kwa sauti, naye hunisahihisha kabla ya kufunga darasa. Mengine hatujazungumza. Mimi ni mgane, yeye ni mjane, na kati yetu yako matofali ya kuchoma.

Jumamosi anapanda basi kwenda kuishi Chato kwa mwanawe Ritha. Likizo iliyopita alipokwenda kumtembelea, nilipiga neno nikasubiri. Mteja akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia cherehani inataka mafuta.

Mwalimu, nimetumwa nikushukuru, na nimeshindwa. Kukushukuru hapa ni kukuaga, nami sikuja kukuaga. Baki.

Ninyi wengine, wabeja sana kwa kunisikiliza. Kapateni pilau. Mimi nasubiri jibu la mtu mmoja.