Kiatu cha Daktari Anayestaafu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, waheshimiwa madaktari, wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe mama watoto uliyenionya nisalimie tu kisha nikae: habari za mchana.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya wagonjwa wa moyo. Mlimtaka yule mwalimu mstaafu, lakini sauti imemkauka, basi mmebaki na mimi fundi viatu, niliyeacha shule na shule ikashukuru.

Daktari wetu anayetuaga leo alinitia vidude viwili moyoni vya kuuchochea upige, vidogo kama vidonge, kimoja chumba cha juu, kingine cha chini. Havina waya. Cha juu kikipiga, kinampasha mwenzake habari kwa umeme mdogo unaopita kwenye damu: "Mimi tayari, zamu yako." Nikamuuliza Daktari, "Vinanisengenya?" Akasema, "Mzee, vikinyamaza ndipo uogope."

Vikanyamaza. Nikiwa kibandani kwangu, nimeinamia kiatu, kizunguzungu kinanishika, sindano naziona mbili. Nikija hapa nikalazwa kitandani, kompyuta inasema vinaongea vizuri tu. Vijana wa wodini, msiangalie chini, mlisema mzee anafuata wauguzi. Hilo la wauguzi sikatai. Lakini mke wangu alikuwa ameshaambiwa: ama vitolewe viwekwe vingine, na kwa umri wangu hiyo si kazi ya mchezo, ama niache ushonaji. Ninyi mnaonijua, nikiacha viatu nifanye nini, nihutubie?

Daktari alinitazama, akavua kiatu chake cha kulia, soli imeachama.

"Mzee, shona."

"Hapa?"

"Hapa hapa, kama unavyokaa kazini."

Nikaomba sindano, nikaletewa ya kushonea watu. Nikakibana kiatu magotini, nikajikunja, nyaya za mashine ya kupimia zikining'inia kifuani. Sijafika kisiginoni, Daktari akawaita wenzake: "Njooni mwone. Akiinama hivi, cha juu kinasema, cha chini hakisikii."

Kumbe nikijikunja vinapeana mgongo kama mke na mume waliogombana. Waheshimiwa, mlimpima mtu aliyelala chali, na mtu mwenyewe hushinda ameinama. Daktari akabonyeza kompyuta, akaviongezea sauti, basi. Kisu hakikuguswa. Mke wangu, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda, alikaa sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Daktari, siku ile ulirudi nyumbani na ndara za wodini. Kila tukionana unauliza, "Mzee, kiatu changu?" nami nakujibu, "Bado kidogo." Nilikuchelewesha makusudi. Nilitaka uwe na sababu ya kunitafuta.

Leo kiko hapa, soli mpya. Nimekishona asubuhi hii, nimeinama vile vile, na sindano nimeiona moja. Njoo ukivae.

Asanteni kwa kunivumilia. Mama watoto, sasa nakaa.