Siku Mama Hewa Alipotutoa Ofisini Mbio

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Hewa atafunga kabati la vipimo kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia Idara yetu ya Hewa miaka thelathini na miwili na siku tatu. Hizo siku tatu ameagiza zitajwe.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Siku moja fundi wa vipimo aliugua, naye akaombwa apande juu ya paa mara moja tu asome namba. Hakurudi tena kwenye chapa. Tangu hapo kazi yake imekuwa kuwinda mivuke isiyoonekana, ile inayotoka kwenye rangi mbichi, petroli, vanishi na gundi. Mgeni akija, humweleza bila kupumua kwamba mivuke hiyo ikichangamana na moshi wa magari kwenye jua kali huzaa ozoni, na ozoni ya huku chini hukwaruza vifua vya watu. Halafu humuuliza gari lake lilikaguliwa lini. Wageni wengi huishia ziara moja.

Lakini hatuwezi kumuaga bila kuitaja ile Jumanne.

Barua ya kufunga karakana ya fundi samani, ng'ambo ya barabara, ilikuwa imeshatiwa sahihi. Ofisi nzima ilinuka, na sote tulisema ni vanishi yake. Mkurugenzi akataka kipimo kimoja cha mwisho. Mama Hewa siku hiyo alikuwa na mafua, pua zimeziba kabisa. Akawasha kipimo cha mkononi, namba ikaruka hadi juu. Koridoni, hivyo hivyo. Masjala, hivyo hivyo. Hata chooni! Akabonyeza king'ora.

Watu sitini tulitoka mbio, mhasibu akiwa amekumbatia chupa yake ya chai kama mtoto mchanga. Tulikwenda kusimama katikati ya uwanja wa mpira, penye upepo. Mama Hewa akapima tena. Namba ilikuwa ile ile.

Bawabu akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Mama, hicho kidude kinakupima wewe."

Kweli. Asubuhi kisigino cha kiatu chake kilikuwa kimeng'oka, naye akakibandika kwa nusu kopo la gundi. Viatu vilipopelekwa golini, namba ikaporomoka. Mkurugenzi alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

Mwingine angenyamaza, maana hakuna mtu wa nje aliyejua. Mama Hewa alivuka barabara peku, akamkuta fundi samani na wafanyakazi wake kumi na mmoja, akawasimulia yote, pamoja na habari ya barua ile. "Nimekosea," akasema. "Nipeni wiki moja nipime upya."

Alipima wiki nzima. Karakana nayo haikuwa malaika: mivuke ilikuwepo, ila mingi ilitoka kwenye makopo ya thina, ile ya kuzimulia vanishi, yaliyoachwa wazi kutwa.

"Kumbe ni vifuniko tu?" fundi akashangaa.

"Vifuniko, na hayo matambara yako ya kufutia vanishi uyatie kwenye pipa la bati lenye mfuniko."

Barua ikachanwa. Mwezi uliofuata namba zilishuka hadi nusu, na mzee mmoja wa pale anayepaka vanishi, aliyezoea kumeza dawa ya kichwa kila jioni, akaacha kuihitaji. Leo utaratibu huo unafuatwa na karakana zote za mtaa, na mwongozo wake aliuandika Mama Hewa, kurasa nne zisizo na neno gumu hata moja.

Kwa mume wake tunatuma salamu za pole. Tunasikia chupa ya rangi ya kucha aliyokuwa akizibia mikwaruzo ya baiskeli yake imeshapimwa na kufukuzwa nyumbani.

Mama Hewa, asante. Ofisi yetu ina maelfu ya ripoti, na ni wewe uliyetuonyesha kwamba iliyo sahihi wakati mwingine huanza na "nimekosea". Tunakutakia afya, usingizi mrefu na asubuhi zisizo na haraka. Vuta hewa, dada yetu. Umeifanyia kazi.