Mkia wa Gesi Mbele ya Kinyozi

Saa nane mchana binti angesimama mbele ya walimu wanne kuitetea tasnifu yake, na tangu alfajiri alikuwa na hofu moja tu: kuulizwa jambo asilolijua. Mjomba wake, kinyozi, akamwita aje ajaribu kwanza kwenye benchi la nje ya kibanda chake, pale mafundi wa mtaa wanapokunywa kahawa. "Ukitoka salama hapa, walimu ni mteremko." Binti akainua picha.

— Hii ni galaksi, mabilioni ya nyota pamoja. Huu mkia ni gesi ya hidrojeni iliyochomoka. Nyota mpya huzaliwa kwenye gesi hiyo.

— Kaichomoa nani? aliuliza fundi viatu, aitwaye Waziri kwa kuwa hajawahi kukosa jibu.

— Ndilo swali langu. Inaishi kwenye kundi la galaksi nyingi, na jirani yake yuko karibu mno.

— Basi ni jirani! alidakia Mama Nyuzi, mshonaji. Kamvuta mwenzake upindo wa gauni.

— Gauni wapi! Huyo katoroka ndoa, alisema Waziri. Mume kadaka shuka, yeye kakaza mwendo.

— Mwendo wa miaka milioni mia mbili, Waziri? aliuliza binti. Mkia una umri huo.

— Mwanamke akichoka humjui wewe.

Mjomba alikuwa akimnyoa mteja mgeni. Akampuliza shingoni, fuu!

— Nywele zilizokatwa zimeruka, masikio yamebaki. Upepo huchukua kilicholegea tu; mkono ungevuta vyote. Mpwa wangu, nyota zimebaki?

Binti akatoa picha ya pili haraka.

— Zimebaki! Ila ukingoni zimevutwa kidogo, upande wa jirani.

— Basi jirani kalegeza, upepo ukamalizia.

— Ndivyo nilivyoandika, mjomba! Kundi zima limejaa gesi ya moto. Galaksi ikipita humo kwa kasi, inapigwa kama na upepo.

Mama Nyuzi akapiga kigelegele. Mteja akageuza kichwa kilichonyolewa nusu.

— Samahani, dada. Hiyo gesi itamrudia mwenyewe?

Mama Nyuzi akamtazama Waziri. Waziri akamnyooshea binti kikombe chake: swali ni lake.

Binti alipekua kichwani hesabu zote za miaka miwili ya utafiti wake.

— Sijui, alisema. Labda kidogo itarudi. Kwa galaksi hii, bado hakuna anayejua.

Akangoja aibu imshukie. Haikuja.

— Umesema "sijui" na hujafa, alisema mjomba. Haya nenda, utachelewa.