Alama Aliyoifunga Mumewe

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kifungua mimba wa fundi wa mabehewa na mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2001 akapata stashahada ya kompyuta.

Mwaka 2004 aliajiriwa na kampuni yenye programu ya kuundia programu nyingine: watu huleta vipande walivyoandika, yenyewe huviunganisha. Kazi yake ilikuwa kusahihisha alama zinazopanga maandishi katika nyaraka za usanifu wa programu hiyo. Kila alama inayofungua, iwe ya kichwa au ya maandishi mazito, sharti iwe na ya kuifunga. Ikisahauliwa moja, ukurasa huvurugika kuanzia hapo kwenda chini, na maneno mengine humezwa yasionekane kabisa. Wenzake walimbatiza Bi Funga Mlango.

"Bi Funga Mlango, nimeacha wazi tena?"

"Umeacha wazi mpaka mbuzi wameingia," angejibu, naye ameshatengeneza.

Tarehe 9 Juni 2007 alifunga ndoa na fundi cherehani mwenye kibanda chini ya ofisi yao. Walikutana siku alipompelekea sketi iliyofumuka pindo. Alipoulizwa anafanya kazi gani, alieleza mpaka chai ya fundi ikapoa.

"Kumbe na wewe unapiga fundo mwisho wa uzi," fundi akasema.

Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na uvimbe nyuma ya macho, na nuru ikaanza kumtoka. Hakukubali kuuacha waraka wake wa mwisho ukining'inia. Ndani yake mlikuwa na onyo la kuwazuia watumiaji wasije wakafuta kazi yao yote, nalo lilikuwa limemezwa. Basi kila alasiri mumewe alifunga kibanda mapema, akamsomea alama moja moja, lugha asiyoijua. Kubonyeza hakuthubutu, alimshika mkono mkewe, akamwekea kidole mahali pake.

"Umeruka, fundi."

"Sijaruka."

"Umeruka. Rudi juu."

Na kweli alikuwa ameruka.

Tarehe 22 Agosti 2023 ulibaki ukurasa mmoja, wenye lile onyo. Katikati yake marehemu alichoka. "Tuishie hapa," alisema. "Kesho alama iliyobaki nitaifunga mwenyewe." Asubuhi iliyofuata alifariki dunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Jana, waombolezaji wakiwa wamejaa sebuleni, mumewe aliingia chumbani, akawasha kompyuta. Akausoma ukurasa ule kwa sauti kuanzia juu, taratibu. Alipofika palipobaki wazi, akaiandika alama ya kufunga kwa kidole chake mwenyewe. Onyo likajitokeza. Kisha akaendelea kukaa pale, akisubiri aambiwe ameruka.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mama mzazi na wadogo zake watatu.

Mungu ampe usingizi mtulivu. Hakuna alichoacha wazi.