Mgeni Aliyefunua Turubai

Bwana asifiwe! Wa huko nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa mmesikika mpaka ng'ambo ya mto.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Sifa wa Hale. Msishangae navyopayuka, nusu ya maisha yangu nimeishi kando ya mashine, na mtu wa mashine hajui kunong'ona. Marehemu mume wangu aliniachia korona. Jamani, si ule ugonjwa! Korona ni mashine ya kuchakata mkonge: jani linaingia bichi, singa zinatoka nyeupe, tunaanika, tunauza. Babu zetu waliletwa huku kukata mkonge wa wengine. Mume wangu ndiye wa kwanza katika ukoo wao kuwa na mashine yake, na mimi niliipenda kama mtoto.

Basi mtoto akaugua. Visu vimelika, pampu ya maji inakohoa. Mzee Ramadhani, fundi wetu, anaifunga kwa waya na bismillahi; mimi naiwekea mikono kwa jina la Yesu; inaunguruma kidogo, inazima. Na mkonge ukishakatwa haumngoji mtu. Usipochakatwa mapema unakauka, singa zinaharibika. Wakulima wa Misima walikuwa wanaleta majani kwa lori kutoka kule Handeni, wanangoja, wanaondoka wamenuna. Shemeji yangu akaniletea mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Korogwe mjini. Yule bwana akaigonga mashine yangu kwa nyundo, ngo! ngo!, akasema atarudi mwisho wa mwezi kuichukua. Nililia, ndugu zangu. Ikienda ile mashine, na wale wote wanaokula kwayo wataenda wapi?

Nikafunga, nikaomba: "Bwana, niletee mfadhili." Nilimwagiza Mungu kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Kabla mwezi haujaisha mchungaji akaniambia kuna kampuni ya uwekezaji imesikia habari zetu, inamtuma mtu wake. Haleluya!

Sasa sikieni tulichofanya, na mcheke, nimewaruhusu. Sisi tukisikia mgeni rasmi, tunaijua kazi yetu! Tulikodi viti. Mawe tukayapaka chokaa. Mbuzi akachinjwa, kwaya ikashona sare. Mashine tukaizima kabisa, tukaiosha, tukaipaka rangi ya kijani na kuitandikia kitambaa cha kufuma, ili mgeni asikerwe na kelele. Na majani ya watu wa Misima yaliyokuwa yamefika? Tukayasukuma nyuma ya banda, tukayafunika turubai. Mgeni haonyeshwi uchafu, au mnasemaje?

Akashuka binti mmoja tu, jina lake Anjela, na begi dogo na gambuti mkononi. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu, nikamkalisha kwenye kiti cha heshima. Akala pilau, akaisikiliza kwaya mpaka mwisho, adabu tupu. Kisha akasema, "Mama, naomba kuiona mashine ikifanya kazi." Nikamjibu kwa fahari kwamba tumeipumzisha kwa heshima yake. Akavaa gambuti zake, akazunguka nyuma ya banda moja kwa moja, akafunua turubai.

Mama yangu! Ile harufu! Majani yamekauka, mengine yanaoza. Kwaya wakaziba pua kwa sare zao mpya. Nikasema moyoni, kwisha habari yangu, chuma chakavu kimeshinda.

"Mama, haya ni ya nani?"

"Ya wakulima wa Misima, mwanangu."

"Basi yameharibika kwa ajili ya pilau yangu."

Hakunifokea, na heri angefoka. Akaniambia kampuni yao haigawi misaada. Wanaingia ubia, wanaweka mtaji na kuuacha ukae miaka, na mtu wao anakaa hapohapo kufanya kazi na wenye kazi. Nikajua amekuja kuaga kwa maneno mazuri. Lakini hakuondoka! Alilala kwangu siku ya kwanza, siku ya pili akatembea kwa wakulima. Siku ya tatu nampelekea chai alfajiri, chumba kitupu. Nikamkuta chini ya mashine, mafuta mpaka kwenye viwiko, na Mzee Ramadhani amekaa pembeni anacheka mpaka machozi. "Mama Sifa, mgeni siku ya tatu mpe jembe! Wewe umechelewa, mwenzio kalichukua mwenyewe!"

Ndugu zangu, kampuni ikaingia ubia nasi, visu vipya vikaja, pampu ikaja, ila kubwa zaidi ni kwamba Anjela alibaki. Akatupangia zamu, mkulima asikate jani mpaka mashine iwe na nafasi. Tuligombana, sifichi! Msimu wa kwanza ukapita, nikamwambia, "Mbona sioni faida? Wakubwa zako hawatanuna?" Akaniuliza mkonge niliupanda lini na jani la kwanza nilikata lini. Katikati hapo ni miaka, jamani! Mkulima wa mkonge anafundishwa subira na mtoto wa mjini, aibu gani hiyo!

Leo korona inaunguruma tangu asubuhi, nashukuru Mungu. Lori la Misima likifika linakuta nafasi yake. Yule bwana wa nyundo akipita ananipungia mkono tu. Kile kiti cha heshima sasa anakikalia Mzee Ramadhani akinywa uji, na akija mgeni yeyote tunamtafutia gambuti zinazomtosha.

Lakini sikusimama hapa kushuhudia mashine. Wokovu wangu ni huu: niligundua kwamba hata Bwana nilimpokea vilevile. Kila Jumapili nampakia mawe chokaa, namwimbia, namkalisha kiti kizuri, na shughuli zote nazizima asisumbuke. Machungu ya ujane, hasira kwa shemeji, hofu yangu, vyote viko nyuma ya banda vinaoza. Nilipiga magoti pale penye majani nikamwambia, "Bwana, pita huku." Akapita. Na yeye pia hakuondoka.

Asante Yesu! Na wewe uliyekaa hapo umevaa vizuri, nakujua, mimi ni wewe. Bwana amekwisha kufika kwako, amekula, ameisikiliza kwaya. Usimwongezee pilau. Mshike mkono, mpeleke kwenye turubai.