Pikipiki ya Dhirubhai

Sikilizeni wanangu, sogeeni, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Mwijage, kibanja ni chako kama desturi yetu ilivyo, na mama yenu asihamishwe katika nyumba hii mpaka siku yake. Hilo limekwisha, msilijadili. Lililonikaa kooni ni pikipiki ile iliyofunikwa magunia ghalani, kwenye kahawa, ambayo wewe Mwijage umekwisha kuipigia hesabu itanunua mabati mangapi. Si yetu. Ni ya Dhirubhai, yule aliyekuwa na duka Bukoba mjini.

Tangu mwaka wa Uhuru, Jumapili duka likifungwa, alikuja tukashindana rweyani, kwenye mbuga ya nyasi hapo juu, mizunguko kumi kwenye njia ya duara tuliyoiwekea alama kwa vigogo vya migomba. Pikipiki zetu zilikuwa ndogo, hazina nguvu, kilima cha Kamachumu alikipanda akisukuma, na watu walitucheka kwamba mbuzi angetupita. Hawakujua utamu wake. Pikipiki yenye nguvu inakufichia makosa, lakini hizi ukiachia mafuta kidogo tu kwenye kona, mwendo haurudi, kwa hiyo unaingia konani umekaza mkono mpaka mwisho, goti linapangusa nyasi, na mwenzako yuko ubavuni anacheka meno nje. Sijapata kufurahi hivyo mahali pengine, hata siku ya ndoa, mama yenu anisamehe.

Mwaka majengo yalipotaifishwa, Dhirubhai akaniambia anahamia Uingereza, tushindane mara ya mwisho, mshindi achukue pikipiki zote mbili. Kona ya mwisho alikuwa mbele yangu, nikasikia mlio wa injini yake unapungua. Aliachia mafuta, wanangu, kwa makusudi, mtu ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kunipa nafasi hata ya upana wa kidole. Nikapita, nikashinda, nikamtukana mbele za watu kwamba amenifanya mtoto. Kesho yake akaja kuiegemeza pikipiki yake mlangoni na kuniaga, nami nikajifungia ndani mpaka akaondoka. Alitaka kuniachia kumbukumbu, na alijua kwamba ya kupewa bure nisingepokea. Hilo nimelielewa mwaka jana tu, zilipokuja habari kwamba amefariki huko. Nililia sana, nasema wazi.

Sasa basi. Mwanawe Umedbhai bado yuko mjini, ndiye anayeuza katika duka lile la baba yake. Matanga yakiisha mwiteni. Msimpe pikipiki hivi hivi, naye ana moyo wa mwanamume. Shamba la kijiji limekula nusu ya rweya, lakini njia yetu ipo. Apande ya baba yake, na Theopista apande yangu. Nilimfundisha mwenyewe mkacheka, na hakuna kati yenu kaka zake anayemfikia. Mizunguko kumi. Atakayeshinda achukue zote mbili, na wewe Mwijage usinung'unike.

Nipeni maji... Yatosha. Nizikeni mwisho wa kibanja, upande wa rweya. Pendaneni. Mungu awaangalie, akae nanyi... mama yenu asilale njaa. Theopista, mwanangu, uko wapi? Shika mkono huu. Usimwonee huruma yule kijana. Ukiachia mafuta kona ya mwisho, mimi nitasikia.